Kutoka Pangoni Hadi Tongoni

Ndugu msikilizaji, katika mazungumzo yetu ya leo nataka nikuchukue hadi Tanga. Siendi huko kwa habari ya reli wala bandari. Nakwenda kwa habari ya matembezi. Likizo ya shule iliyopita niliwachukua watoto wangu watatu, mama yao na bibi yao mzaa mama, tukaenda kutazama mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni na mji wa Pangani. Jamaa zangu kadhaa walinishangaa. Mmoja aliniuliza kama siku hizi nimekuwa mtalii. Maana kwa mawazo ya wengi wetu, kwenda kutazama mahali pa kale ni shughuli ya Mzungu mwenye kaptura na kamera. Mwenyeji akionekana safarini na familia nzima, basi anakwenda harusini au msibani.

Sitaki kumlaumu mtu. Nauli ya watu sita si mchezo, na chakula cha njiani huwa ghali kuliko cha nyumbani. Lakini yako maswali ambayo mtoto hawezi kuyauliza darasani, kwa sababu darasani hakuna kitu cha kumfanya aulize. Huyauliza anapokuwa amesimama mahali penyewe, na hapo humtazama mzazi usoni akingoja jibu. Katika safari hii niliulizwa maswali mawili ambayo yamenishughulisha hadi leo, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Tuanze na pango. Mapango ya Amboni yako kilomita kama nane kaskazini ya mji wa Tanga. Unashika njia ya Mombasa, kisha unaiacha barabara kuu na kuingia Kiomoni, karibu na mto Mkulumuzi. Miamba yake ni ya chokaa, na wataalamu wa miamba wanaikadiria kuwa na umri wa miaka milioni 150 hivi. Wakati huo mahali hapo palikuwa chini ya bahari. Mashapo yenye chokaa yalitua chini, tabaka juu ya tabaka, yakashindiliwa hata yakawa mwamba, na baadaye mwamba ukainuka juu ya maji. Kisha ikaja kazi ya mvua. Maji ya mvua yakipita hewani na katika majani yaliyooza huchukua asidi kidogo, na asidi hiyo hula chokaa polepole, hata ufa ukawa tundu na tundu likawa chumba. Tone linaloning'inia darini huacha chembe ya chokaa kabla ya kudondoka, na likidondoka huacha nyingine sakafuni. Ndiyo maana ndani ya Amboni utaona miiba ya mawe ikishuka kutoka juu na mingine ikipanda kutoka chini, na mahali pengine imekutana ikawa nguzo. Watoto walioneshwa jiwe linalofanana na meli, na jingine linalofanana na kochi. Mdogo wao aliyakubali yote bila ubishi.

Bibi yao hakuingia mara moja. Alisimama mlangoni, akavua kandambili, akapiga hodi. Watoto wakacheka. Akawaambia, "Msicheke, wajukuu zangu. Nyumba ya watu hiyo." Na kweli, ndani tulikuta mahali palipowekwa vitambaa na sadaka za watu waliokuja kuomba, wengine wakitaka mtoto, wengine wakitaka afya. Mwongozaji wetu alipapita pale kwa sauti ya chini, jambo lililonipendeza.

Mwongozaji mwenyewe alikuwa kijana mwenye ulimi mtamu. Alitupeleka hadi penye tundu jeusi, akalimulika kwa tochi, akasema kwamba njia hiyo inatokea Mombasa. Tawi lake jingine, akasema, linatokea Kilimanjaro. Akasimulia habari ya Wazungu wawili walioingia humo na mbwa wao, wakapotea wasionekane tena, na baada ya miezi kadhaa maiti ya mbwa ikaokotwa karibu na mlima Kilimanjaro. Hadithi hii, ndugu msikilizaji, ni ya siku nyingi. Mimi niliisikia nikiwa kijana, tena kwa mtu ambaye hakupata kufika Tanga.

Hapo ndipo mwanangu wa kati, msichana wa darasa la sita, alipouliza swali la kwanza: "Nani alipima?"

Yule kijana akacheka. Mimi nikalazimika kujibu, kwa kuwa mtoto ni wangu. Nikamwambia kwamba wamepima. Mwaka 1994 wataalamu wa Ujerumani na Uturuki waliyapima mapango ya Amboni. Walihesabu mapango kumi, na lililo refu kuliko yote waliliona kuwa na urefu wa mita 900 hivi. Mita mia tisa! Mombasa iko mbali zaidi ya kilomita 100, hata ukienda kama kunguru arukavyo, na Kilimanjaro ni karibu kilomita 300.

Nilidhani kijana atakasirika kwa kuharibiwa hadithi yake. La hasha. Alisema, "Mzee, hata sisi tunajua. Lakini wageni wakiambiwa mita mia tisa, hawarudi kutusimulia kwa wenzao." Sikuwa na la kumjibu upesi. Kila mtu hula kwa kazi yake, na mgeni naye anapenda kudanganywa kidogo.

Lakini nilipofikiri baadaye, niliona kwamba hadithi ya njia ya Mombasa haikuzuka kwa ajili ya watalii tu. Watu wa Tanga wanasimulia habari za Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, ambao katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau kule Kenya, waliwahangaisha polisi wa Mwingereza na matajiri wa upande huu, na maficho yao, husemwa, yalikuwa mapango haya. Wengine huwataja kama majambazi, wengine kama watu waliowapora wenye nacho wakawagawia wasio nacho. Kwa wakati ule mpaka wa Tanganyika na Kenya ulikuwa mstari wa karatasi tu kwa Mdigo aliyekuwa na shangazi pande zote mbili. Basi polisi anapowafuata watu hadi mlango wa pango na asiwaone, na kesho yake wakasikika mahali pengine, majirani waseme nini? Watasema pango lina mlango wa pili. Hayo ni maoni yangu, wala sikuyasoma popote. Naona kwamba hadithi ile haina kipimo cha ardhi ndani yake, ila ina kipimo cha hofu na matumaini ya watu waliotawaliwa. Nikamwambia binti yangu aandike yote mawili katika daftari lake: mita 900, na njia ya Mombasa. Ila asiyachanganye.

Kesho yake tulishika njia ya kusini, ya Pangani. Kilomita zisizofika ishirini kutoka mjini, upande wa baharini, ndipo ilipo Tongoni. Watalii wengi hawasimami hapo. Wenyeji ndiyo kabisa. Hakuna pango la kutisha, hakuna popo, wala hakuna hadithi ya mbwa. Kuna msikiti uliobomoka na makaburi.

Niliwauliza watoto maana ya jina hilo. Wakanyamaza. Bibi yao akawaambia kwamba tongo ni pale walipokaa watu wakahama, pakabaki misingi na miembe. Kwa hiyo Tongoni si jina ambalo wenye mji wangeweza kujiita. Ni jina la waliokuja baadaye wakakuta kuta bila wenyewe. Mwalimu gani angetufundisha hilo kwa neno moja? Jina la kale la upande ule ni Mtang'ata, na hori yake bado inaitwa hivyo.

Msikiti ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ulikuwa wa Ijumaa, dalili kwamba palikuwa na watu wa kutosha. Makaburi yanapata arobaini. Zaidi ya ishirini kati yake yalikuwa ya nguzo, yaani kaburi la ukuta lenye mnara wa jiwe ubavuni au kichwani. Hakuna mahali pengine katika pwani ya Afrika Mashariki ambapo makaburi ya namna hiyo yamesongamana kama pale. Wachunguzi wa mambo ya kale wanayaweka katika karne ya 14 na ya 15. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka, nyingine zimelala vipande viwili vitatu kama minazi iliyokatwa. Katika kuta utaona vishimo vya mviringo. Humo ndimo zilimowekwa bakuli za kauri zilizotoka mbali, hata China, kwa pambo la maiti mwenye heshima. Bakuli zimeng'olewa, matundu yamebaki. Mwanangu mkubwa alitia ngumi yake katika tundu moja, bibi yake akamkemea kwa jicho tu.

Sasa, kwa wale wanaotaka kisa, Tongoni ina kisa kikubwa kuliko cha mbwa, tena kimeandikwa na mtu aliyekuwapo. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 merikebu tatu za Mreno Vasco da Gama zilikuwa zikipanda kaskazini kuelekea Mombasa. Kabla ya alfajiri, moja ya merikebu hizo, iliyoitwa São Rafael, ilipanda mwamba mbele ya pwani hii. Maji yalipokupwa ikakaa juu kavu kabisa. Katika daftari la safari, lililoandikwa na mmoja wa mabaharia, imeelezwa kwamba wakiwa wamekwama hivyo walijiwa na vyombo viwili kutoka pwani. Kimoja kilikuwa kimejaa machungwa mazuri, ambayo mwandishi alikiri kuwa yanashinda ya Ureno. Maji yalipojaa merikebu ikaelea, na wawili katika wale wenyeji wakabaki chomboni wakafuatana na wageni hadi Mombasa. Wareno wakaupa mwamba ule jina la São Rafael. Na milima mirefu waliyoiona nyuma ya pwani, wakaisifu kwa uzuri, wakaiita jina hilo hilo. Hiyo ndiyo Usambara yetu. Usambara ilikuwa na wenyewe waliokuwa wakiiita wapendavyo, na jina la Mreno halikushika.

Mwezi wa Januari mwaka 1499 walirudi kutoka Bara Hindi wakiwa hoi. Kiseyeye kilikuwa kimewaua wengi. Walipopita Malindi waliomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa wao, maana walikwisha kuona kuwa yanawasaidia. Walipofika tena mbele ya Mtang'ata walikuta kwamba mabaharia waliobaki hawatoshi kuendesha merikebu tatu. Wakaipakua São Rafael, wakaitia moto pale pale ilipokuwa imekwama mwaka uliotangulia. Siku walizokaa hapo, watu wa pwani waliwaletea kuku wakabadilishana kwa mashati na bangili. Yule mwandishi ameutaja mji ulioleta kuku. Ameuandika Tamugata. Msikilizaji, tamka Mtang'ata kwa ulimi wa mtu asiyejua Kiswahili, utaona hakukosea sana.

Watoto walisimama wakitazama baharini kwa muda mrefu. Mdogo alitaka kujua kama moto ulionekana kutoka msikitini. Nikamwambia nadhani ulionekana.

Ndipo likaja swali la pili. Mwanangu mkubwa, aliye kidato cha pili, aliuliza kwa sauti ya mtu anayejua jibu tayari: "Baba, hawa walikuwa Waarabu, sivyo?"

Swali hili lina historia yake. Kwa miaka mingi vitabu vilivyoandikwa na wageni vilisema kwamba miji ya mawe ya pwani ilijengwa na watu wa nje, Waarabu na Waajemi, na Mwafrika alikuwa kibarua au mtumwa tu. Baada ya uhuru wasomi wetu walilipinga jambo hilo, na walikuwa na sababu nzuri. Walipochimba chini ya misikiti ya mawe katika miji kadhaa ya pwani walikuta misikiti midogo ya miti na udongo, na chini yake vijiji vya wavuvi na wakulima waliofinyanga vyungu vyao wenyewe. Miji haikushuka kutoka jahazini. Ilikua kutoka ardhini. Lakini wengine tulizidisha, tukasema ile habari ya Washirazi wanayoisimulia wazee wa pwani ni majivuno matupu, watu wanaotaka kuukana uafrika wao. Tuliitia kapu moja na njia ya Mombasa.

Mwezi wa Machi mwaka 2023 jarida la sayansi liitwalo Nature lilitoa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, ikiwemo Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Wachunguzi walisoma chembe za urithi ambazo kila mtu huzipata kwa baba na mama. Walikuta kwamba kwa wengi wa watu hao upande wa mama ni wa Kiafrika karibu wote, na upande wa baba kwa sehemu kubwa umetoka Asia, hasa Uajemi. Na kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000. Baadaye, baada ya mwaka 1500, damu ya Uarabuni nayo ikaongezeka.

Kwa hiyo wazee hawakuota. Hadithi moja ilipopimwa ikakutwa haina urefu unaodaiwa, na nyingine ilipopimwa ikakutwa ina mfupa ndani yake. Lakini mfupa wenyewe haukuwapa ushindi wale wa vitabu vya zamani pia. Mfanyabiashara aliyetoka Uajemi hakuukuta ufuko mtupu. Alikuta nyumba ya watu, akapiga hodi, akaoa. Na katika nyumba hiyo mama ndiye aliyefundisha watoto kusema. Kama baba angekuwa ndiye mwenye mji peke yake, leo mimi na wewe tungekuwa tunazungumza Kiajemi. Tunazungumza Kiswahili, ambacho kimepokea maneno mengi ya wageni, lakini mifupa yake ni ya Kibantu kama Kidigo, Kibondei na Kizaramo. Nasaba zilizohifadhiwa na koo za pwani huhesabu fulani bin fulani bin fulani hadi Shirazi, na katika orodha hizo wanawake huonekana kwa nadra. Nadhani ndiyo sababu sisi nasi tuliokuja baadaye tukabishana miaka mingi juu ya baba tu.

Nilimjibu mwanangu hivyo, kwa maneno mafupi kuliko haya. Bibi yake alikuwa ameketi juu ya mzizi wa mbuyu. Akasema, "Mimi sikuhitaji kuchimba mifupa kwa hilo." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Jambo moja lilinitia huzuni Tongoni, nalo ni bahari. Mikoko ikipungua, mawimbi hupata nafasi ya kula ukingo, na chokaa ya miaka mia sita haiwezi kushindana na chumvi na mizizi kwa wakati mmoja. Nguzo inayoanguka leo hainyanyuliwi kesho. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuharibu mahali kama hapo, lakini wimbi halijui sheria. Kwa hiyo mwenye mtoto asingoje awe mkubwa.

Pangani sitaieleza kwa urefu, maana nafasi yangu inakwisha na mji ule unastahili wiki yake peke yake. Ni pale ambapo mwezi wa Agosti 1888 Emil von Zelewski, ambaye watu walimbandika jina la Nyundo, aliwalazimisha wenyeji kuikubali bendera ya kampuni ya Wajerumani, na pwani yote ikawaka moto chini ya Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Nyundo mwenyewe hakudumu. Wahehe walimmaliza Lugalo mwezi wa Agosti 1891. Anayetaka kuvisikia vita hivyo kwa kinywa cha mtu wa Tanga aliyeishi wakati huo autafute utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima.

Na ni Kikogwe, karibu na Pangani, ambako Dakta Richard Hindorf alipanda mkonge wa kwanza mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikafika 62 tu yenye uhai. Wapo wanaosema ililetwa kwa siri ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Binti yangu aliniangalia, nami nikamwambia hilo la mamba aliandike upande wa pili wa daftari. Lakini ile 62 ni hesabu. Kutoka miche hiyo zilitoka tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jasho la manamba waliosombwa kutoka pande zote za nchi, ambao makaburi yao hayana nguzo.

Tulirudi Tanga jioni kwa njia ile ile. Kabla ya kufika mjini tulisimama Machui, mahali alipozikwa Shaaban Robert mwaka 1962. Watoto wote watatu wamefundishwa mashairi yake shuleni. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kaburi lake liko huko. Mkubwa alitaka kuondoka upesi kwa sababu ya njaa. Binti alibaki nyuma kidogo, akitafuta ukurasa.